Vidole Vitatu

Nakumbuka vumbi jekundu la Katuba
na Mark Two ya Bwana Kapend ikirudi kwa kamba
nyuma ya lori la makaa,
yeye ameshika usukani kama anayesindikiza maiti.

"Umenifungia kelele," akasema.

Si uongo. Mabomba yale manne ya ekzosi,
yaliyovuka Kasumbalesa yamevingirishwa blanketi la mtoto,
tuliyafunga Jumamosi. Jumapili
gari lilipita kanisani, na safu tatu za nyuma
zikageuza shingo.

Chuma cha zamani kilikuwa kinene, kizito, kivivu,
kilimeza joto lake kimyakimya.
Haya mapya ni mepesi, ngozi ya mgonjwa wa homa:
joto lote linatoka nje
na kutafuta pa kulala.

Likalala kwenye demarere,
starta, kama wanavyosema wa Dar.
Likalala kwenye mpira wa petroli,
petroli ikachemka kabla haijaiona kabureta.
Waya wa plagi ya tatu ukalegea
kama bukari uliokosa unga.
Na kwenye kizuizi cha barabara ya Likasi,
alipozima ili alipe ushuru,
gari likamjibu: tk. Tk.
Ulimi wa mama mkwe.

Mimi Museka, binti wa mtu wa tanuru,
nilipaswa kujua.

Baba alikula zamu za usiku miaka ishirini na sita
chini ya lile bomba refu la moshi,
shaba ikimiminika mbele ya magoti yake.
Nyumbani hakuegemea ukuta.
Hakutua sufuria mezani bila vijiti viwili chini yake.
Ukimuuliza, alilaza vidole vitatu hewani:
"Ukiuzuia moto kwa ukuta, umeupa moto ukuta.
Weka ukuta, halafu acha nafasi hii.
Hewa ni mbeba mizigo mvivu. Mwache avivie."

Basi nikafungua kapo.
Tukalowesha utepe wa nyuzi za kioo kwenye ndoo.
Nilimwambia Plamedi ashushe mikono ya shati;
hakushusha, akajikuna hadi alfajiri.
Tukaviringisha kuanzia chini, mzunguko ukilalia nusu ya mwenzake,
tukivuta mpaka viganja vikalalamika,
tukabana kwa waya usioshika kutu.

Nikamwambia Kapend ukweli wote:
utepe huu hunywa mvua,
na chini yake chuma huoza bila kuonekana.
Akatazama viatu vyake.
"Kioze," akasema, "mradi liwake."

Mpira wa petroli tuliuhamishia upande wa pili.
Chini ya bawaba za kapo niliweka washa mbilimbili,
joto lipate mlango wa nyuma.
Ikabaki demarere, na bati la kuikinga sikuwa nalo.

Nilikuwa na sufuria ile kubwa,
ya aluminiamu, iliyopikia watu matangani mwa baba
hadi kitako kikapasuka. Mwaka mzima
ilikuwa imesimama nyuma ya mlango, tupu,
na hakuna aliyethubutu kuitupa.

Niliikata kwa mkasi wa bati.
Sikulia; bati lilitosha kulia.
Upande unaong'aa nikauelekeza kwenye mabomba.

Oktoba, saa sita mchana, mvua bado inatudanganya.
Kizuizi kilekile. Foleni. Akazima.
"Subiri dakika kumi," nikasema.
Muuza mayai akaja, akaondoka.
Nikapenyeza mkono kati ya bati na demarere:
uvuguvugu, kama mto uliotoka kulaliwa.

Akageuza ufunguo. Liliwaka,
na mbuzi wawili wakaruka mtaro.
"Bado ni kelele," akasema Kapend,
akaanza kuhesabu mafranka, polepole, akirudia.

Sikumwambia kuwa vidole vyangu ni vyembamba
kuliko vya baba,
na kwamba nilipopima ile nafasi
niliongeza cha nne.